Barua ya wazi: Ruhusuni nyumba za wafanyakazi Milimani, na mfanye hivyo hadharani

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu, waheshimiwa wawakilishi wadi, bodi ya jiji, na maafisa wote wanaoshughulikia ardhi, nyumba na mipango ya miji.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwenye nyumba Milimani. Ploti yetu ina nyumba moja, miembe, na uwanja mpana ambao siku nyingi hauna mtu. Natanguliza hilo kwa sababu barua nyingi mtakazoletewa kutoka mtaa huu kuhusu ghorofa za bei nafuu zitaanza kwa maneno "sisi wakazi" na zitaishia kwa kuwaomba mkatae. Mimi pia ni mkazi, na nawaomba mkubali. Ila msikubali kwa mtindo uliozoeleka katika miji yetu, wa kuidhinisha ploti moja moja kimyakimya. Badilisheni mpango wa matumizi ya ardhi wa mtaa mzima, mchana kweupe, na mweke masharti yatakayowawezesha wanaofanya kazi hapa kulala hapa.

Kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Nandi, watu huwa tayari wanavuka Ring Road kutoka Nyalenda kuja upande wetu. Ni akina mama wa kufua, walinzi wa zamu ya mchana, wapishi wa hoteli, vijana wa mjengo waliobeba mapauro yao kwenye mifuko ya saruji, wauzaji mboga wenye mabeseni kichwani. Jioni wanavuka tena kurudi. Na hao ndio wenye nafuu, maana wanaweza kutembea. Wengine kodi imewasukuma hadi Otonglo, Rabuor au Ahero. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku katika hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, hana budi kutafuta nauli ya matatu kwanza ndipo atafute usingizi.

Namfahamu mlinzi mmoja anayelinda nyumba ya vyumba vitano mtaani kwetu. Wenyewe wanaishi ng'ambo, nao huja Disemba. Asubuhi anarudi Nyalenda kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi ambamo pazia limetenganisha kitanda na jiko, akae nje kwenye ngazi mpaka watoto waende shule ndipo apate pa kujilaza. Mvua za masika zikianza, choo cha shimo ambacho ploti nzima inakitumia hujaa maji, kwa sababu sehemu ya chini ya Nyalenda ni udongo mweusi usiopitisha maji na maji ya ardhini yako karibu. Gari la kunyonya choo haliwezi kupenya kwenye kichochoro, hivyo kazi hiyo hufanywa usiku kwa ndoo. Na mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji yako kulekule Nyalenda. Uchafu wa wenzao unatiririshwa hadi karibu na milango yao, na wengi wao hawajaunganishwa na bomba lolote.

Hali hii ina chanzo, na nyinyi mnaokaa na ramani mnakijua kuliko mimi. Reli ilifika ziwani mwaka 1901 na mji ukaitwa Port Florence. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson azunguke miji ya Afrika Mashariki kuchunguza afya. Alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kila watu na mtaa wao, na katikati paachwe ardhi wazi, ili kuzuia tauni na malaria. Kwetu hapa, mwinuko wenye upepo wa ziwa ulikuwa wa Wazungu, kwa ploti kubwa za nyumba moja moja. Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi ulikosa pa kusimama, na wenye vyeo na fedha miongoni mwetu wakahamia. Kipimo cha ploti hakikuguswa. Kanuni ya nyumba moja kwa ploti haikuguswa pia. Mapema miaka ya 1970 mipaka ya manispaa ikapanuliwa, ikayaingiza mashamba ya Nyalenda, Manyatta na vijiji vingine vya jirani ndani ya mji. Yale yalikuwa mashamba ya familia, yenye hati na makaburi ya wazee. Watu walipozidi kuja kutafuta kazi na kukuta huku katikati pamefungwa, walikwenda ambako mwenye shamba alikuwa tayari kuwajengea chumba cha udongo na kuwapangisha. Ndivyo Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani zilivyokuja kuuzunguka mji wa kale. Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba mitaa ile ilikua bila mpango. Naona mpango ulikuwapo: ulikuwa wa huku ndani, na ulikuwa wa kuwazuia.

Majirani zangu wanasema ghorofa zitaharibu sura ya mtaa. Nimewajibu ana kwa ana na nitawajibu hapa kwa heshima, kwa sababu ni watu tunaozikana. Sura ipi? Tembea Milimani leo uhesabu nyumba ambazo bado ni nyumba. Hii imekuwa hoteli, ile ni ofisi ya shirika, pale kuna kliniki, kona ile ni shule ya chekechea, na nyingine zimekuwa vyumba vya wageni wa usiku mmoja. Zote zilikuwa makazi. Mikutano ya hoteli hujaza magari barabarani mpaka tunashindwa kutoka kwenye mageti yetu, na muziki wa Ijumaa unatukesha, lakini sijawahi kuletewa karatasi niitie sahihi kuyapinga hayo. Karatasi ilifika mlangoni siku iliposikika kuwa huenda mtu akajenga vyumba vya kupangisha ambavyo karani wa duka anaweza kuvilipia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo, lakini hapa tunamjua vizuri. Tunamwita kwa jina kila asubuhi.

Na hoja inayoniuma kuliko zote ni ile ya usalama. Eti wataleta wizi. Hawa tunaowashuku ndio tuliowakabidhi funguo za mageti. Ndio wanaobaki na watoto wetu tukisafiri kwenda Nairobi, wanaojua dawa ya mzee inatolewa saa ngapi, na wanaotupigia simu usiku bomba likipasuka. Kama wanaaminika kulinda nyumba, wanaaminika kuwa majirani wa nyumba hiyo. Waheshimiwa, pingamizi la namna hii likiwafikia kwa maandishi, nawasihi msilipe uzito wowote katika uamuzi wenu, hata likiandikwa na wakili kwa lugha tamu.

Hoja ya majitaka ni tofauti, na wanaoitoa wana haki. Mabomba ya mtaa huu yaliwekwa kwa ajili ya familia moja kwa ploti. Ukipandisha orofa nne zenye vyoo kumi na sita mahali palipokuwa na vyoo viwili, na usiguse bomba, utakachopata ni maji machafu yanayobubujika kwenye mashimo ya barabarani na kuteremka hadi ziwani, ziwa ambalo sote tunalitegemea kwa maji na samaki. Ghorofa za aina hiyo tumeziona katika miji yetu: jengo linapanda, tenki la majitaka linachimbwa dogo, baada ya mwaka mmoja harufu imehamia kwa jirani. Ndiyo maana nasema mtaa mzima upangwe kwa pamoja. Kampuni ya maji itoe hesabu ya bomba lililopo linabeba kiasi gani, kiasi gani kinahitajika, na nani atalipa tofauti. Mwenye kujenga alipe sehemu yake kabla ya kupewa idhini, na bomba jipya litakapochimbwa kuelekea mabwawani, lichukue na nyumba za Nyalenda linazopita kando yake. Kisumu si ngeni katika kutanguliza huduma. Migosi ilianzishwa kama mradi wa viwanja na huduma kwa msaada wa Benki ya Dunia: barabara, maji na majitaka kwanza, kisha mwenye kiwanja akajenga chumba baada ya chumba, vingine vya kukaa na vingine vya kupangisha. Leo ni mtaa unaoheshimika na hakuna anayemwonea haya mkazi wake.

Kuhusu maegesho, wengi watakaohamia hawana magari. Kuhusu kivuli cha ghorofa juu ya bustani ya jirani, wekeni nafasi ya kutosha kati ya ukuta na mpaka, na mkataze kukata miti mikubwa bila ruhusa. Hayo mafundi wenu wanayaweza.

Linalonisumbua zaidi ni jinsi maamuzi haya yanavyofikiwa. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi kuleta pingamizi. Angalieni mwaliko huo unamhusu nani. Anayepinga tayari anaishi hapa, ana hati, ana muda, pengine ana wakili. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya kaunti, na baada ya hapo bado ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini yule ambaye angehamia kwenye chumba kile bado ni mpangaji wa Nyalenda au Obunga. Hana anwani hapa, hajui kama tangazo lipo, na hata akijua hana pingamizi la kuleta, kwa sababu yeye analitaka jengo. Kwa hiyo faili inapofika mezani kwenu imejaa sauti za upande mmoja, na afisa anayetaka kuepuka kelele anaona ni rahisi kukataa. Sheria haiwakatazi kumtafuta huyu wa pili. Katiba inawataka mshirikishe umma, na umma wa Kisumu hauishii kwenye ua wangu.

Halafu lugha. Kibao kinachofungwa kwa waya kwenye geti la ploti huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo, namba ya ploti, maneno ya kuhama kutoka aina moja ya makazi hadi nyingine, basi. Nimemwona mwanamke aliyebeba beseni la omena akisimama mbele ya kibao cha namna hiyo, akakitazama, akaendelea na safari. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangazo liandikwe kwa Kiswahili na Kidholuo pia, liseme wazi: hapa pananuiwa kujengwa vyumba vingapi, vya kodi ya kiasi gani, na mkutano ni siku gani. Libandikwe kituo cha boda, kwenye vioski vya maji vya Nyalenda, sokoni Jubilee na Kibuye. Mkutano usifanywe Jumanne saa nne asubuhi ndani ya hoteli. Ufanywe Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada, mmoja upande huu wa barabara na mwingine upande ule.

Nimesema idhini za ploti moja moja ziachwe, na nadhani hili ndilo lenye fedha nyingi ndani yake. Panaporuhusiwa nyumba moja tu kwa ploti, na wachache wakaruhusiwa kupandisha ghorofa, idhini yenyewe inageuka bidhaa. Thamani ya ploti iliyopata kibali inaruka siku hiyohiyo, hata kabla ya tofali la kwanza. Anayeinunua kwa bei hiyo hawezi tena kupangisha kwa kodi ya chini, atajenga vyumba vya wageni wa siku mbili tatu au ofisi, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyorudisha fedha yake. Na penye bidhaa adimu namna hiyo hapakosi watu wa kunong'onezana. Ruhusa ikiwa ya wote, ikaandikwa kwenye ramani ambayo yeyote anaweza kuisoma, hakuna wa kuuziwa upendeleo. Mwenye ploti ndogo anaweza kuongeza orofa mbili akawapangisha walimu. Mwenye ploti kubwa anaweza kushirikiana na mjenzi. Bei ya ardhi haitaruka mahali pamoja kama moto wa petroli.

Lakini ruhusa peke yake haitoshi, na hapa nawaomba msikubali neno "bei nafuu" likawa pazia. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imewagawa watu kwa kipato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii. Wa kati ya 20,000 na 149,000 ndiye wa nyumba za bei nafuu. Huo ni upana mkubwa mno. Mtu wa 140,000 na mtu wa 22,000 wakishindania mlango mmoja, tunajua nani atapewa funguo, na mlinzi niliyemtaja hatafika hata kwenye foleni. Na kama ameajiriwa rasmi, huyohuyo anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya nyumba hizi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Ile sheria ya mipango ya mwaka 2019 inawapa nyinyi uwezo wa kuidhinisha ujenzi kwa masharti. Utumieni. Kila anayeongeza orofa Milimani atenge sehemu ya vyumba kwa wa chini ya 20,000, viwe vya kupangisha, maana hao hawana fedha za kununua, na sharti hilo liandikishwe kwenye hati ili lisife ploti ikiuzwa. Vyumba hivyo visigeuzwe vya wageni wa usiku. Na msimamizi akubali kodi ya vipande. Landilodi wa Nyalenda anayekaa uani na wapangaji wake huchukua nusu leo na nusu Ijumaa kwa sababu anajua fundi na mtu wa boda wanalipwa kwa siku. Jengo linalodai kodi ya mwezi mzima pamoja na dipoziti ya miezi miwili limeshawafungia mlango, hata kodi ikiwa ndogo.

Nawaomba pia msije mkalitatua jambo hili kwa kuielekeza tingatinga Nyalenda. Watu wana hofu, na hofu yao ina sababu. Februari 2021 makazi ya Wanubi wa Kibos yalibomolewa kupisha kazi ya reli, na maelfu ya watu wakajikuta nje, katikati ya korona. Wapangaji wa mitaa ya zamani ya manispaa nao wamekuwa wakiuliza: tukihamishwa ili pajengwe upya, tutarudi? Nyalenda ni ardhi ya watu na makaburi yao yapo uani. Inahitaji mabomba ya majitaka, taa na njia ambayo gari la zimamoto linaweza kupita. Haihitaji kuondolewa. Milimani ikifunguliwa, baadhi ya wapangaji watavuka barabara, msongamano kule utapungua, na landilodi atalazimika kuboresha vyumba ili asibaki na nyumba tupu. Pande zote mbili zitapumua bila mtu kufukuzwa.

Kwa hiyo, kabla ya ombi jingine la kubadilisha matumizi ya ploti halijaidhinishwa wala kukataliwa mtaani kwetu, wekeni hadharani rasimu ya mpango mpya wa Milimani: ramani inayoonyesha orofa ngapi zinaruhusiwa kwenye barabara ipi, bomba la majitaka litapita wapi, na sehemu gani ya vyumba itatengwa kwa kipato cha chini. Ibandikwe kwa chifu, kwenye ofisi za wadi pande zote mbili za Ring Road, na kwenye tovuti ya kaunti. Mkimaliza kusikiliza watu, chapisheni sababu za uamuzi wenu, wa kukubali au wa kukataa, kwa lugha ambayo yule mwanamke wa omena anaweza kuisoma.

Ploti yetu iwekeni ndani ya ramani hiyo. Nimeshazungumza na wanangu na wamekubali: tukiruhusiwa, upande wa uwanja usio na mtu utajengwa vyumba vya kupangisha, kwa masharti yaleyale niliyowaomba muwawekee wengine. Nitaleta barua ya kukubali kwangu ofisini kwenu nikiwa nimeitia sahihi, muiambatishe kwenye faili pamoja na zile za pingamizi.

Wenu mwaminifu,

Mkazi na mwenye nyumba,
Milimani, Kisumu